Seti ya ratiba za picha kwa watoto wadogo wenye usonji: tathmini baada ya mihula miwili

Kwa mihula miwili nimeitumia darasani seti ya vifaa vya picha inayouzwa kwa walimu wa madarasa ya awali wanaofundisha watoto wenye usonji, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mwalimu anayejiuliza kama aiagize au aiache. Ndani ya boksi mna kadi sitini za picha zilizofunikwa kwa plastiki, utepe mrefu wa kubandikia ratiba ukutani, ubao mdogo wenye nafasi mbili zilizoandikwa "kwanza" na "kisha", saa ya kuonyesha muda uliobaki, ubao wa nyota za zawadi na kijitabu chembamba cha maelekezo. Darasani kwangu wamo watoto wanne wenye usonji, wenye umri wa miaka minne hadi sita, pamoja na wenzao wengi wasio nao. Wawili kati ya hao wanne hawatumii maneno, mmoja huyarudiarudia maneno anayoyasikia, na wa nne huzungumza vizuri lakini hawezi kabisa kuvumilia badiliko ambalo hakutangaziwa mapema.

Nianze na ratiba, kwa kuwa hapo ndipo seti hii inapostahili sifa zake zote. Fikra yenyewe si mpya. Mpango wa TEACCH wa kuwafundisha watu wenye usonji, ulioanzishwa mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha North Carolina nchini Marekani na Eric Schopler pamoja na Robert Reichler, ulijengwa juu ya jambo ambalo mwalimu yeyote wa watoto hawa hulishuhudia mapema: wengi wao hushika upesi kile wanachokiona kuliko kile wanachoambiwa, na siku ambayo mpangilio wake unaonekana kwa macho huwapunguzia hofu. Neno likishatamkwa limekwisha, lakini picha hubaki pale pale, na mtoto anaweza kuirudia mara tano bila kumchosha mtu. Kadi za seti hii hubanduka kwa urahisi, kwa hiyo mtoto huiondoa mwenyewe ile ya shughuli iliyomalizika na kuitia katika mfuko ulio chini ya utepe, na kitendo hicho kidogo cha mkono humwambia kwamba jambo limekwisha kwa namna ambayo sauti yangu haikuwahi kumwambia.

Ubao wa "kwanza na kisha" ndio ulionishangaza zaidi. Kwa mmoja wa watoto wale wawili wasiotumia maneno, kurudi darasani kutoka uwanjani kulikuwa ni vita vya kila siku. Alijilaza kizingitini, shavu likiwa sakafuni, akipiga visigino chini, nasi watu wazima wawili tukimsemesha kwa wakati mmoja, kila mmoja na maneno yake. Siku hizi mwalimu msaidizi humfuata pale pale mchangani, huchuchumaa hadi nyuso zao zilingane, humwonyesha kwamba kwanza ni darasa na kisha ni treni ya kuchezea, humwekea saa kando, halafu hunyamaza. Kunyamaza huko hakukutajwa popote katika kijitabu, nami naona ndiko nusu ya kazi. Mtoto anahitaji muda wa kulichakata agizo, kwa hiyo tunahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia, na tukirudia tunatumia maneno yale yale, kwa sababu kuyabadilisha ni kumwanzishia kazi upya. Wiki ya kwanza aliutupa ubao mchangani mara mbili. Wiki ya tatu aliibandua picha ya treni mwenyewe na kukimbia nayo hadi mlangoni.

Lakini treni lazima iwepo. Siku moja kabati lilikuwa limefungwa na ufunguo haukuonekana, nikampa mpira badala yake, na kwa siku tatu zilizofuata hakuutazama ubao ule hata kidogo. Kosa hilo lilikuwa langu, na ninalieleza kwa sababu kijitabu hakimwonyi mwalimu kwamba nafasi ya "kisha" ni ahadi. Tangu siku hiyo hatubandiki picha ya kitu chochote kabla ya kukiona kwa macho yetu.

Saa nayo ni nzuri kwa wazo, na ina kasoro kwa utengenezaji. Sehemu nyekundu iliyo usoni mwake hupungua taratibu, hivyo mtoto asiyejua nambari huona muda unavyokwisha, na yule mtoto asiyevumilia mabadiliko ameacha kuniuliza kila dakika ni lini tutatoka. Tatizo ni kengele yake ya mwisho, ambayo ni kali na haina pa kuizimia. Katika kifaa kilichotengenezwa mahsusi kwa watoto ambao wengi wao huumizwa na sauti za ghafla, hilo ni kosa lisilosameheka kirahisi. Mara ya kwanza ilipolia, mtoto mmoja alijiziba masikio, akaingia chini ya meza na kukaa huko hadi wakati wa kula. Tumefunika tundu la sauti kwa kipande cha sponji na gundi, na sasa husikika kama mlio wa mbali, ingawa haikupaswa kuwa kazi ya mwalimu.

Picha zenyewe zinahitaji kuchujwa. Nyingi zimechorwa kwa mapambo yasiyo na kazi. Ile ya choo ina maua dirishani, na mtoto mmoja aliyatazama maua hayo kwa wiki nzima bila kuihusisha picha na choo. Plastiki inang'aa mno, kiasi kwamba mchana mwanga wa dirisha huifuta picha kwa yeyote aliyeketi upande wa pili. Isitoshe, si kila mtoto wa miaka minne amefikia hatua ya kuelewa kwamba mchoro unawakilisha kitu. Kwa mmoja wa watoto wangu tuliweka vitu halisi, kikombe kwa ajili ya kunywa na kiatu kwa ajili ya kutoka nje, kisha tukapiga picha za vitu hivyo hivyo, na baada ya miezi kadhaa ndipo tukafika kwenye michoro. Kijitabu kinaelekeza pia utepe ubandikwe "mahali ambapo mwalimu anauona vizuri", maelekezo niliyoyakiuka siku ya kwanza: unapaswa kuwa usawa wa macho ya mtoto na mikono yake iufikie.

Upungufu ulio mzito zaidi, hata hivyo, uko katika kadi ambazo hazimo. Kati ya kadi sitini, hakuna hata moja inayomwezesha mtoto kusema "naomba kupumzika", "nisaidie" au "sitaki". Zote ni za mtu mzima kumwambia mtoto la kufanya. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walichapisha utafiti walioufanya kwa watoto wanne wenye ulemavu wa ukuaji: walichunguza kwanza kama vurugu za kila mtoto zilitokea kazi ilipokuwa ngumu au alipoangaliwa kidogo na mtu mzima, kisha wakamfundisha sentensi ya kuombea kile kile ambacho vurugu ilikuwa ikimpatia, na vurugu zikapungua. Mwaka huo huo Andy Bondy na Lori Frost walianzisha njia ya PECS, ambayo mtoto hujifunza kumkabidhi mtu picha mkononi ili apate anachokitaka. Mtengenezaji wa vifaa vya usonji hawezi kudai kwamba mambo haya hayajulikani, na seti inayoahidi "kusimamia tabia" kwenye boksi lake haikupaswa kuyaacha.

Nimejionea mwenyewe. Mtoto mmoja alikuwa akipindua meza karibu kila siku, nasi tulimwita mkaidi. Tulipoanza kuandika kilichotangulia, alichokifanya na kilichofuata, daftari lilionyesha baada ya siku nane kwamba meza ilipinduliwa katika kipindi cha kuimba kwa makofi, na kwamba kila mara adhabu yetu ilikuwa kumtoa darasani. Alikuwa akipata hasa kile alichokihitaji, kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Nikamtengenezea kadi ya kupumzika, picha ya zulia la kona tulivu, na mwalimu msaidizi akamwongoza mkono kuikabidhi mara tu makofi yalipoanza. Siku ya kwanza aliitumia mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja tulimruhusu, maana kadi inayokataliwa mwanzoni haifundishi lolote. Sasa huitumia mara moja au mbili, mara nyingine hurudi mwenyewe kabla ya saa kwisha, na meza haijapinduliwa muhula huu.

Ubao wa nyota nimeuweka kabatini. Nyota kumi kabla ya zawadi ni safari ndefu mno kwa mtoto wa miaka minne, na kijitabu kinashauri nyota zibanduliwe mtoto akikosea, ushauri ninaoupinga waziwazi: alichokwisha kukipata kwa juhudi yake hakipaswi kunyang'anywa. Anayetaka kuutumia aanze na nyota mbili na asibandue kitu. Nimeitoa pia kadi ya "mikono itulie". Mtoto anayepungapunga mikono hamdhuru mtu; mara nyingi ndivyo anavyojituliza, na kumzuia ni kumnyima breki tuliyokuwa tunamtafutia.

Kijitabu chenyewe kisitegemewe. Kinashauri kila kilio kipuuzwe hadi kiishe, bila kutofautisha kati ya mtoto anayelilia kitu huku akichungulia kama tunamtazama, na mtoto aliyeelemewa na kelele, mwanga au msongamano hadi hajimudu tena. Huyu wa pili hana anachokidai. Anahitaji mwanga upunguzwe, wenzake wasogezwe, maneno yakome na mtu anayemwamini awe karibu. Hata kwa yule wa kwanza, kupuuza peke yake huweza kuongeza kilio kabla ya kukipunguza, na mwalimu asiyeambiwa hivyo hukata tamaa siku ya pili na kumfundisha mtoto kwamba kulia zaidi kunafaa.

Kwa ujumla wa matumizi yangu, utepe, ubao wa kwanza na kisha, na saa iliyozibwa kengele vinatosha kuifanya seti hii istahili kuagizwa na darasa lisilo na chochote. Darasa lenye kamera ya simu, karatasi ngumu na mtu wa kukata linaweza kujitengenezea vyote isipokuwa saa, na picha zitakuwa za choo chao wenyewe na mlango wao wenyewe. Ukutani kwangu zimebaki kadi ishirini na mbili za seti hiyo, na pembeni, usawa wa bega la mtoto, zinaning'inia tatu nilizotengeneza kwa mkono, ambazo kingo zake zimeshachakaa kuliko zile nyingine zote.