"Hii siyo ya kupigia keki, dada": yaliyonikuta na lenzi ya kukodi

Nianze na hiyo sentensi, maana bila hiyo nisingeandika chochote. Nimesimama kaunta, kitambulisho nimeshatoa, dhamana ya laki tatu nimeshaihesabu noti kwa noti. Kijana ananisukumia lenzi, macho yako kwenye simu yake, anasema: "Hii siyo ya kupigia keki, dada."

Ya kupigia keki! Miaka yote hii napiga harusi, send-off, kipaimara na misiba, kuanzia Uyole mpaka Mbalizi. Keki nimepiga, ndiyo, na keki hizo hizo zimenilipia ada za watoto. Ningeweza kumjibu. Sikumjibu, kwa sababu basi lilikuwa linaondoka na lenzi ndefu kama ile hapa mjini sijaiona kwingine. Duka sitalitaja. Ni la kukodisha kamera na taa, lipo Mbeya, na wenzangu wa kazi hii mmeshalijua.

Sasa nilikuwa naifuata nini. Ilikuwa kipindi cha baridi, mvua zimekata zamani na vumbi limeshashika barabara. Mtu wangu wa Iringa alinipigia, akasema wenye magari ya zamani ya rally wanakutana Mafinga, watakimbizana kwenye njia za ndani ya msitu wa Sao Hill. Akaanza kuyataja: Escort, Datsun, Porsche 911, kobe wa Volkswagen. Halafu akataja Peugeot 504, na hapo akawa amenimaliza.

Baba yangu aliendesha 504 ya abiria, Mbeya na Tukuyu, Tukuyu na Mbeya. Usingizi wangu wa utotoni nimeulala kwenye kiti cha nyuma cha gari lile. Na kwa baba 504 haikuwa gari la abiria tu. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiwa na Ove Andersson, ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas, na majina hayo mzee aliyataja kama majina ya shemeji zake. Kwa hiyo niliitaka picha moja tu. 504 kwenye kona, mkia umetoka, vumbi linafuata. Niichapishe kubwa, nimpelekee Tukuyu. Hayo mengine yangekuwa nyongeza.

Kwa ambao hawajawahi kujaribu: gari linalokimbia halipigwi kwa kugandishwa. Weka spidi ya shata, yaani muda kamera inaofungua jicho lake, 1/2000 ya sekunde uone. Utapata gari safi kabisa, kila herufi inasomeka, na litaonekana limeegeshwa njiani dereva akisubiri mkewe atoke sokoni. Unashusha mpaka 1/80, ukijiamini hata 1/60. Unalifuata gari kwa kiuno, siyo kwa mikono, tangu linapotokeza mpaka linakupita, na kidole kinabonyeza katikati ya mwendo bila wewe kusimama. Ukipatia, gari linatulia na mipaini inageuka mistari. Magari haya ya zamani yanakusaidia, kwa sababu nguvu inasukuma tairi za nyuma. Kwenye kona mkia unataka kutangulia, dereva anaurudisha kwa usukani, unaona kona inakwenda kulia na tairi za mbele zinaangalia kushoto.

Nilijipanga vizuri. Nilikaa upande wa ndani wa kona, juu ya tuta, maana wa nje ndiko gari linakoishia breki zikikataa. Kamera niliifunga kanga, mifuko ya plastiki tangu ipigwe marufuku 2019 kuipata ni kazi. Magari ya kwanza yakapita. Nikatazama kioo cha kamera, uchafu mtupu. Na siyo ule ukungu wa kwenda pembeni ambao ungeniambia nimechelewa. Picha zilikuwa zimeruka, kama mtu amenigonga kiwiko kila nilipobonyeza. Nikajilaumu. Nikasema labda ni baridi, Mafinga asubuhi unajua mwenyewe. Nikajaribu tena, ikawa vile vile. Lenzi ilikuwa inashindana na mimi: nikienda kulia, yenyewe inanirudisha kushoto.

Na katikati ya ushindani huo 504 ikapita. Nyeupe. Sauti ile ile. Nilibonyeza picha kumi na moja. Iliyo afadhali kuliko zote, yule simba wa Peugeot pale mbele ana vichwa viwili.

Kando yangu alikuwepo mzee mmoja mpiga picha, mwenyeji wa Iringa, kofia ya sufu mpaka masikioni. Asubuhi tulikuwa tumesalimiana "kamwene" tukaishia hapo. Akaniangalia ninavyohangaika, akasogea. "Mwanangu, mbona lenzi yako imefungwa bandeji?"

Ubavuni mwa lenzi palikuwa na kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme. Nilikiona tangu dukani, nikadhani ni alama yao. Mzee akakibandua. Chini yake, swichi ya stabilaiza, ile mashine ya ndani inayotuliza mtikisiko, imevunjika, kimebaki kisiki kidogo, kimeganda kwenye namba moja.

Ngoja niwaeleze ubaya wake. Lenzi ya namna ile, ya kizazi cha zamani, stabilaiza yake ina hali mbili. Ya kwanza ni ya vitu vilivyosimama: inapambana na mtikisiko wowote, wa juu na wa pembeni. Ya pili ni ya kufuatia kitu kinachokwenda: mwendo wa pembeni inakuachia, inashika wa juu na chini tu. Ukilifuata gari lenzi ikiwa kwenye namba moja, yenyewe inaona mkono wako unatetemeka, inakurekebisha kwa bidii zote. Keki haikimbii. Kwenye keki nisingejua kamwe! Kwa hiyo yule kijana aliyenikebehi alinipa lenzi inayofaa kupigia keki na si kingine. Nikilifikiria hili mpaka leo natetemeka kuliko hiyo swichi.

Mzee akaniomba pini ya mtandio. Akakichokonoa kile kisiki, kikasogea hadi namba mbili. Akanirudishia pini yangu imepinda.

Na hapa lazima niseme ukweli hata kama unaniharibia hasira. Baada ya hapo lenzi ile ilikuwa ya ajabu. Nina Escort moja nyekundu inayotoka kwenye kivuli cha miti, taa zinawaka, mawe yamesimama hewani, na dereva amefungua dirisha unaona ameng'ata ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Picha ile ni bora kuliko zote nilizowahi kupiga kwa pesa. Ilipigwa na lenzi ya duka lile. Basi tuseme lenzi nzuri. Nilikuwa nimeanza hata kulainika.

Nikasubiri zamu ya pili ya 504. Haikuja. Tukasikia imepasua bomba la maji, imevutwa kwa kamba mpaka Mafinga.

Nikarudi Mbeya. Kijana yule yule, simu ile ile. Akaipokea lenzi, akaigeuza mara moja, na neno la kwanza kutoka mdomoni mwake likawa: "Nani ametoa tepu?"

Someni tena hapo. Hakuuliza swichi imevunjwa na nani. Aliuliza tepu! Alijua. Alijua siku ananipa, na pumzi aliyokuwa nayo akaitumia kunidharau badala ya kuniambia maneno manne: "swichi ni mbovu, dada." Ningeikodi hata hivyo. Ningekwenda na pini yangu mkononi tangu asubuhi, na baba angekuwa na picha ukutani.

Nilipomwambia, akajibu kwamba lenzi za mtumba ndivyo zilivyo. Mwanangu, mtumba haujawahi kuwa aibu. Joginder Singh alishinda Safari ya 1965 na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika kabla haijafika mikononi mwake. Tofauti ni kwamba yeye alijua anaendesha nini.

Kisha akakata laki moja na ishirini kwenye dhamana yangu, eti ya kusafisha vumbi ndani ya kioo.

Vumbi lilikuwemo, sikatai. Lenzi yenyewe ni ile ya kuvuta na kusukuma kama pampu ya baiskeli, kila ukivuta inakunywa hewa, na hewa ya Sao Hill siku ile ilikuwa nyekundu. Na tuelewane, mchana jua lilipowaka niliitoa kanga, nikaiacha lenzi wazi saa nzima. Hilo ni langu. Lakini laki na ishirini?

Nilikuwa nimepanga kumalizia kwa kuwaambia msikanyage pale. Lakini juzijuzi mwenye duka, mama mmoja mtu mzima ambaye sikuwahi kumkuta, alipata habari na kunipigia mwenyewe. Akanipa pole bila kujitetea, akanirudishia elfu themanini kwa simu kabla hatujamaliza kuongea. Sasa niseme nini? Mkimkuta mama, kodini bila wasiwasi. Mkimkuta kijana, shikeni kila swichi, bandueni kila tepu mbele yake, na mkisikia neno keki ondokeni. Au msiondoke, maana lenzi mtaipata wapi. Mimi sijui. Mama nimemsamehe. Kijana bado, na sidhani kama anasubiri msamaha wangu.

Jana mzee wa Iringa kapiga simu. 504 imeshapata bomba jipya na mwenye gari anataka kuijaribu njia zile zile za msituni mwezi huu ukiisha. Mimi pale kaunta sirudi, nimeshaapa. Nimemtuma mdogo wangu akaulize kama ile lenzi itakuwepo. Nimempa na pini.