Tathmini: Kujifunza Mafumbo ya Kutia Weusi Namba kwa Singles ya Simon Tatham

Anayetaka kujifunza mafumbo ya kutia weusi visanduku vya namba, bila kulipa chochote wala kufungua akaunti, hana haja ya kutafuta mbali. Simon Tatham, mwandishi wa programu wa Uingereza ambaye mafundi wengi wa mitandao wanamfahamu kupitia PuTTY, programu yake ya kuunganishwa na kompyuta za mbali, ameweka mkusanyo wake wa mafumbo kwenye tovuti yake binafsi, na kila fumbo huchezwa ndani ya kivinjari, bila matangazo na bila saa inayomkimbiza mchezaji. Kati ya yote yaliyomo, ninalompendekezea mwanafunzi ni Singles, ambalo kampuni ya Kijapani ya Nikoli hulitoa kwa jina la Hitori.

Jedwali huja likiwa limejaa namba, na kazi ya mchezaji ni kutia weusi baadhi ya visanduku hadi masharti matatu yatimie kwa pamoja: namba isijirudie miongoni mwa visanduku vyeupe vya safu moja, iwe ya mlalo au ya wima, visanduku vyeusi visipakane ubavu kwa ubavu, ingawa kugusana kwa pembe kunaruhusiwa, na vyeupe vyote vibaki vimeungana, pasiwe na hata kimoja kilichozingirwa. Hakuna kujumlisha wala kutoa, hivyo hata aliyeagana na hisabati siku ya mtihani wa mwisho atacheza bila wasiwasi.

Tuchukue safu ya mlalo yenye 2, 2, 4, 2 na 1. Mbili za mwanzo zimepakana, kwa hiyo haziwezi kuwa nyeusi zote mbili. Mojawapo lazima ibaki nyeupe, na ikishabaki, ile 2 iliyo katika kisanduku cha nne haina nafasi tena, nayo hutiwa weusi. Papo hapo jirani zake, yaani 4 na 1, zinathibitika kuwa nyeupe, na 4 nyingine yoyote iliyo katika safu ya wima ya hiyo 4 inalazimika kuondoka. Hatua moja huzaa nyingine namna hii mpaka jedwali zima lifunguke, na kwa kuwa kila fumbo lina jibu moja tu linalofikiwa kwa mantiki, anayejikuta anabahatisha ajue kuna kitu hajakiona.

Ukubwa unaokukaribisha ni visanduku 5 kwa 5 katika kiwango chepesi, na hapo ndipo pa kukaa mpaka mbinu kama hiyo izoeleke. Kubofya kitufe cha kushoto cha kipanya hutia weusi. Cha kulia huzungushia namba duara, ishara ya kwamba kisanduku hicho kitabaki cheupe. Wanaoanza hupenda kuyapuuza maduara, na kwa maoni yangu huko ni kujinyima nusu ya mchezo, kwa sababu kujua kilicho cheupe kwa hakika kuna thamani sawa na kujua kilicho cheusi.

Upungufu mkubwa upo katika ufundishaji wenyewe. Mwongozo, ulioandikwa kwa Kiingereza, hutaja kanuni na vitufe kisha hunyamaza. Mbinu unaachiwa uzigundue mwenyewe. Visanduku viwili vyeusi vikipakana, rangi nyekundu hujitokeza kuonya, lakini hatua isiyo sahihi ambayo bado haijavunja sharti lolote hupita kimya, na mtu huja kukwama mbele asijue alipotea wapi. Amri ya kutatua nayo hufichua jibu zima kwa mkupuo bila maelezo yoyote, kwa hiyo ni afadhali kurudi nyuma hatua kwa hatua, jambo ambalo programu inaliruhusu hadi mwanzo kabisa wa fumbo.

Katika mkusanyo huohuo kuna Pattern, fumbo ambalo namba za pembeni hueleza ni visanduku vingapi mfululizo vitiwe weusi. Ni zuri, ila michoro yake hutungwa kiholela na kompyuta, hivyo asitarajie kuona paka au mashua yule aliyezoea aina hiyo kutoka magazetini.

Kwa wenye simu za Android, Chris Boyle ameyahamishia mafumbo haya kwenye programu isiyolipiwa, ambayo ikishapakuliwa hufanya kazi hata intaneti ikiwa imezimwa. Mwenye kifurushi kidogo aanzie huko. Mwenye kompyuta atazame chini ya jedwali, ambapo kuna kiungo cha fumbo lililo mbele yake. Akimtumia mwenzake, naye hufunguliwa jedwali lilelile, na wawili hao wanaweza kubishana juu ya kisanduku kimoja wakiwa miji miwili tofauti.