Breki za Land Rover kujamu zikipata moto: fundi wa Arua aliyenimalizia tatizo

Hii ni kwa wenye Land Rover za zamani huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hasa Series III. Mafundi wengi wa siku hizi wamekulia kwenye Toyota, na ukiwapelekea gari lenye breki za ngoma magurudumu yote manne wanaanza kubahatisha kwa pesa yako.

Langu ni 109 (lile refu) la mwaka 1976, breki zake hazina serva, kile kifaa cha kuongezea mguu nguvu. Asubuhi lilikuwa halina tatizo lolote. Shida ilianzia njiani: ukivuka Pakwach na kuanza kupanda kuelekea Nebbi, gari linakuwa zito kama linaburuta gogo. Ukiweka gia huru kwenye tambarare, linasimama lenyewe. Ukishuka unapokewa na harufu ya kuungua, na rimu hazigusiki. Likilala usiku mmoja, kesho yake watoto wawili wanalisukuma bila taabu.

Gereji moja ya Kampala iliniwekea viatu vipya vya breki (vile vinavyobana ngoma kutoka ndani) magurudumu yote pamoja na springi zake, na lilipozidi kujamu wakabadilisha na masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali. Pedali ikawa inashika juu kabisa, ukigusa tu gari linasimama. Lakini safari iliyofuata likajamu kabla hata sijafika Karuma.

Madereva wa teksi za Koboko ndio walionielekeza kwa huyu mzee. Wote wanamwita Haji, na gereji yake ni mwembe mmoja na sanduku la spana. Nilimkuta gari likiwa limepoa, nikadhani atalipiga jeki hapo hapo. Akakataa. "Mgonjwa wa homa umemleta homa ikiwa imeshuka, nitapima nini? Twende tukaliwashe mpaka lishike." Tukatoka kwenye barabara ya Nebbi, na lilipoanza kuwa zito akaniambia nigeuze, nirudi polepole, na nisikanyage breki ila ikinibidi.

Kilichofuata ndicho ninachokilipia sifa. Alianza kwa kupitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Zote nne zilikuwa za moto, ya mbele kulia ikizidi. Halafu akaingia chini ya gari akagusa ngoma ya handbreki. Kwa wasiojua, handbreki ya Series haishiki magurudumu; ina ngoma yake yenyewe nyuma ya giaboksi ya transfa (ile ya pili, inayogawa nguvu mbele na nyuma), kwenye shafti inayokwenda difu ya nyuma. Ikiachwa imebana, gari zima linakuwa zito huku rimu zikiwa za baridi. Yangu ilikuwa ya baridi, kwa hiyo ikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Akaweka mawe, akapiga jeki gurudumu la nyuma: halizunguki. Badala ya kufungua ngoma, akaenda mbele kwenye masta silinda, akatandika kitambaa (mafuta ya breki yanakula rangi) na kulegeza nati ya paipu nusu mzunguko. Mafuta yakaruka kwa nguvu ilhali hakuna mtu kwenye pedali. Akaniambia nizungushe gurudumu. Likazunguka. Magurudumu yote mawili ya nyuma yalikuwa huru, na la mbele kushoto pia. La mbele kulia likabaki limebana mpaka alipofungua nipeli yake (skrubu ya kutolea hewa) nyuma ya ngoma. Hapo nalo likaachia.

Haji alinieleza huku akifunga nati. Ukifungua njia ya mafuta na gurudumu likaachia, basi viatu na springi havina kosa, kuna presha iliyofungiwa ndani. Kama viatu vimebana mno au springi imekatika, utafungua nipeli hadi mafuta yaishe na gurudumu halitasogea. Na presha ikitoka pale juu kwenye masta, maana yake masta haiyarudishi mafuta kwenye kopo lake. Mafuta yakipata joto yanapanuka, yanakosa pa kwenda, yanasukuma viatu. Viatu vinaleta joto zaidi, na mchezo unaendelea hivyo. Ndiyo sababu asubuhi gari lilikuwa huru.

Kosa la masta lilikuwa dogo kupita nilivyotegemea. Akabonyeza pedali kwa kidole, ikawa ngumu pale pale, haina mchezo hata kidogo. Wale wa Kampala walikuwa wamerefusha fimbo inayosukuma pistoni ili pedali ije juu, kwa hiyo pistoni ilikuwa hairudi mwisho na mlango wa kurudishia mafuta ukabaki umefungwa. Series III inataka nafasi ya kama milimita moja na nusu kati ya fimbo na pistoni. Pedali ikishuka kwenye breki za ngoma, unakaza viatu kwa zile bolti za kurekebishia zilizo nyuma ya kila ngoma. Fimbo haiguswi.

La mbele kulia lilikuwa na ugonjwa wake wa ziada: mpira wa breki, yaani paipu ya raba inayopeleka mafuta kwenye gurudumu. Kwa nje ulionekana mzima. Aliukata kwa wembe kwa urefu, na ndani tabaka la raba lilikuwa limebanduka, limening'inia kama ulimi. Mguu wako unapitisha mafuta kwa nguvu, lakini springi za viatu hazina nguvu ya kuyarudisha. Gari hili lina mipira mitatu, miwili mbele na mmoja wa nyuma unaolisha magurudumu yote mawili, kwa hiyo yakijamu ya nyuma yote kwa pamoja, anzieni hapo.

Grisi ya beringi upande ule ilikuwa imeyeyuka na kupita sili, viatu vipya vikalowa. Hivyo nikavinunua tena, upande mmoja.

Sasa malalamiko. Haji hana spea. Mipira ilibidi iagizwe Kampala, ikaja na basi, karibu kilomita 500, na gari likakaa chini ya mwembe likinyeshewa. Haharakishwi na mtu yeyote, risiti hana, na hatakuambia bei mpaka amalize. Mimi nililipa shilingi 150,000 za kazi, spea mbali. Pia anahubiri. Nilimletea chupa ya mafuta ya breki iliyokwisha kufunguliwa, akairudisha na maelezo marefu: mafuta hayo yanavuta unyevu wa hewani, na DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) inayotakiwa kuchemka kwenye nyuzi 230 ikiwa mpya inaweza kushuka hadi 155 ikishanyonya maji. Akanituma dukani nikanunue iliyofungwa.

Ukienda kwake, fika mapema na tangi lenye petroli, kwa sababu atataka mzunguke kwanza. Ijumaa mchana hayupo.