Tairi za mchangani: nimetoa za matope nimefunga A/T, zile za njia zote (uzoefu wangu, Oman)

Wadau salama? Mimi naendesha Prado huku Oman na wikiendi tunapenda kwenda jangwa la Sharqiya na jamaa, ule mchanga ambao wengi bado wanauita Wahiba, kwahiyo hapa naongelea matuta yenye mchanga mlaini mkavu, sio ufukweni.

Gari nilinunua yuzdi ikiwa na tairi za matope, zile M/T zenye meno makubwa, ukiiona imepaki unasema hii inapanda ukuta. Mchangani hola! Ukikanyaga mafuta tu yale meno yanachimba, gari haiendi mbele inaenda chini, unashuka unakuta kila tairi imejichimbia shimo lake na chesisi imelala juu ya mchanga. Tope unalishinda kwa kung'ata, mchanga unataka upite juu juu.

Sasa nimefunga A/T za BFGoodrich, KO2, saizi 265/65 rimu 17, na nimeridhika nazo sana, ila niseme ukweli kazi kubwa inafanywa na upepo kuliko jina la tairi. Pale Bidiya kabla hujaingia kuna mafundi tairi, wanakushushia upepo kutoka psi 35 mpaka 15 hivi, tairi inabonyea inalala, na watu wanadhani inatanuka pembeni tu kumbe inarefuka zaidi kwenda mbele na nyuma, ndo maana gari inaelea. Ndo maana pia nasema bakini na rimu 17, mwenzetu mmoja ana rimu 20 zinang'aa balaa lakini ubavu wa tairi mwembamba, ukishusha upepo hakuna cha kubonyea, kila safari tunamvuta yeye.

Ukiwa na 15 usikate kona kwa fujo, tairi inachomoka kwenye rimu. Na ukirudi lami jaza kwanza, ikikimbia bila upepo inachemka inapasuka.

Kingine ni tarehe, joto la huku linaua mpira hata tairi ikikaa stoo. Angalia namba 4 za mwisho kwenye DOT, ile kodi iliyochapwa ubavuni mwa tairi, mfano 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Mara nyingi imeandikwa upande mmoja tu, wakishafunga ikatazama ndani huioni tena mpaka ulale chini ya gari, kwahiyo ikague ikiwa bado ipo chini pale dukani, zote nne, na spea.