Mkeka wa mazoezi wa shilingi 30,000, baada ya miezi mitatu

Kilichonipeleka dukani ni mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi, siyo yule wa mchuzi. Ramadhani ndiyo imeanza, nakuna nazi mbili za futari, nimemaliza, nataka kuinuka, mwili umegoma. Magoti yamekunjika, mgongo umekaza, nimeng'ang'ania ukingo wa sinki kama abiria aliyeshika bomba kwenye daladala. Mwanangu mkubwa akanivuta mkono, mdogo wake akanisukuma kwa nyuma, wakacheka mpaka na mimi nikacheka. Usiku, peke yangu, sikucheka.

Nina miaka 43, kazi yangu uhasibu. Nakaa kitini tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi, halafu nasimama kwenye mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Kimara, na dereva akikanyaga breki mimi ndiye wa kwanza kumwangukia mtu. Viatu vya kamba niliviacha zamani, navaa vya kutumbukiza. Kwenye bajaji nashuka kwa awamu. Lakini lililoniuma hasa ni la msibani: wenzangu, na wengine wamenizidi miaka ishirini, wamekaa jamvini wamenyoosha miguu, mimi naomba kiti cha plastiki. Shangazi akaniuliza mbele za watu, "Mwanangu, leo umekuja kama mgeni rasmi?"

Nikaenda hospitali. Picha ikaonyesha mifupa haina neno, nikapelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, kijana mpole, kila sentensi anaanza na "mama". Akanilaza chali, akaniambia nipandishe mguu ukiwa umenyooka. Mguu ukakata tamaa mapema sana. "Mama," akasema, "ndani ya tumbo kuna msuli unaozunguka kiuno kama kibwebwe. Chako kimelegea, ndiyo maana mgongo unafanya kazi ya watu wawili." Nimezaa mara mbili, zote kwa upasuaji, na baada ya hapo tumbo sikulipa kazi yoyote zaidi ya kula. Akanipa mazoezi manne ya nyumbani, akasisitiza niyafanyie chini, siyo kitandani, maana godoro linabonyea na mgongo unajificha humo humo. Sakafu yangu ni vigae vitupu. Basi, Kariakoo.

Duka lenyewe silitaji. Muuzaji alianzia 45,000. "Mwisho ngapi?" "Dada yangu, kwa kuwa ni asubuhi, toa 30,000 nakuwekea na mikanda mitatu ya mpira." Mkeka wa zambarau, karatasi yake inasema unene milimita 10. Nyumbani nikauwekea rula ya mwanangu: milimita 8.

Hata hivyo ni laini kweli. Ukilala chali, mifupa ya kiuno haigongani na kigae, na magoti hayalalamiki. Ni mwepesi, unaviringishwa unasimamishwa nyuma ya mlango, chai ikimwagika unafuta. Harufu ya kandambili mpya ilikaa sebuleni wiki nzima, kisha ikaondoka yenyewe.

Ila hakuna aliyeniambia kwamba upande wenye mistari ndio unaokaa chini. Siku tatu nimeulaza kichwa chini miguu juu, ya tatu ukateleza na mimi juu yake mpaka kwenye meza ya runinga. Na ule ulaini una gharama yake: ukisimama kwa mguu mmoja, povu linazama na kifundo kinayumba, kwa hiyo mazoezi ya kusimama nafanyia kwenye kigae, mkono ukutani. Jasho la Dar nalo unalijua. Viganja vinateleza, inabidi utandike taulo. Kosa moja ni langu mwenyewe: niliufua nikauanika juani mchana kutwa, ukakakamaa kwenye ncha na sasa unamwaga makombo ya zambarau kila nikiufungua. Anika kivulini.

Mikanda ya mpira usiihesabu. Mwekundu ulikatika wiki ya pili nikiwa nimeupitisha kwenye unyayo, ukanichapa paja kama fimbo ya mwalimu. Nikarudi dukani, nikaonyeshwa kikaratasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Mingine miwili watoto wanafungia madaftari. Kazi yake inafanywa na kanga yangu ya zamani, iliyofifia mpaka jina halisomeki. Unalala chali, unaipitisha kwenye unyayo, unanyoosha goti kadiri linavyokubali, unavuta pole pole mpaka nyuma ya paja paseme, unakaa hapo sekunde 30 huku unapumua. Mara tatu kila mguu. Kanga haivutiki wala haikatiki, na ndani ya nyumba yoyote ya Kiswahili haikosekani.

Zoezi lililonifanya niuthamini mkeka ni lile ambalo wanangu wameliita mende. Unalala chali, magoti juu ya nyonga, mikono imeelekea dari, mende aliyepuliziwa dawa kabisa. Mgongo wa chini unaukandamiza sakafuni mpaka kiganja hakipiti. Halafu unatoa pumzi, unashusha kisigino cha kulia na mkono wa kushoto kwa wakati mmoja, taratibu, vinarudi, unabadilisha. Ukiona mgongo umeinuka, umeshusha mbali kuliko nguvu yako. Siku ya kwanza nilifanya matatu, tumbo linatetemeka kama jenereta ya saluni. Sasa nafanya kumi kila upande. Kuna pia daraja, la kuinua makalio na kubana, hilo rahisi. Na kuna lile la kujilaza kwenye viwiko mwili umenyooka kama ubao, ambalo sitalipenda mpaka nife. Nilidumu sekunde 12. Yule kijana wa hospitali akaniruhusu niweke magoti chini, nikamwombea dua.

Nafanya dakika kumi na tano baada ya Alfajiri, kabla ya foleni ya bafuni, siku tano kwa wiki, nikijitahidi. Vidole vya miguu bado sivigusi, naishia juu kidogo ya vifundo. Mwezi wa kwanza sikuona chochote, na niliwahi kuacha siku tisa mfululizo kwa hasira. Lakini juzi Jumamosi nilikuna nazi tatu, nikainuka kwa mkono mmoja juu ya goti langu, sinki sikuligusa. Mwanangu mdogo alikuwa amesimama tayari nyuma yangu kunisukuma, akabaki mikono hewani. Na kwenye hitma ya jirani nilikaa jamvini karibu saa nzima kabla sijauomba ukuta.

Angalizo moja: kama maumivu yako yanashuka mguuni yakiambatana na ganzi, au mkojo umeanza kukusumbua, hospitali kwanza, mkeka baadaye.

Je, ningenunua tena? Kwa 30,000 pamoja na ile mikanda, hapana. Mkeka peke yake kwa 20,000, ndiyo, ila ningechukua mwembamba zaidi, wa milimita 6, mzito, usiobonyea ovyo. Ubonyeze kwa kidole gumba pale pale dukani. Alama ikichelewa kurudi, mwambie akushushie mwingine. Na nenda na rula. Muuzaji atacheka, mwache acheke.