Mchanga wa koridora: kagua makali ya punje kabla ya kuuliza bei

Malalamiko ya wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Kigoma yanafanana. Koridora, kambale wadogo wa mapambo wenye ndevu mdomoni, wamenunuliwa wazima, ndevu ndefu, wanachangamka. Miezi miwili baadaye ndevu zimebaki vishina vyekundu, samaki kajibanza pembeni, na muuzaji anasema ni ugonjwa, nunua dawa. Dawa inakwisha, ndevu hazirudi. Kabla ya kutoa pesa nyingine, tazama alicholalia huyo samaki.

Koridora hadonoi chakula kama sato. Anazamisha pua mchangani mpaka karibu na macho, anajaza mdomo, anabakiza chakula, na mchanga anautoa kupitia matamvua. Hiyo ndiyo kazi yake kutwa nzima. Ukimwekea kokoto hawezi kuzichota, hivyo anapekecha ndevu kwenye nyufa ambamo mabaki ya chakula yanaoza. Ukimwekea mchanga wenye pembe kali, kila mdomo mmoja ni mkwaruzo. Ngozi ikishachubuka, bakteria wa kwenye uchafu wanamalizia. Makali na uchafu huenda pamoja, ndiyo maana hata mchanga laini usiposafishwa haumwokoi.

Watu wanauliza rangi, wanauliza bei, wengine wanauliza ukubwa wa punje. Umbo la punje hakuna anayeuliza, na hapo ndipo samaki anapoumia. Mchanga unaweza kuwa mdogo kama unga wa dona na bado ukakata, kwa sababu ni jiwe lililopasuliwa kwa mashine, halijasuguliwa na maji miaka na miaka.

Upime dukani hivi. Omba kijiko kimoja, ulowanishe, utandaze kiganjani. Piga picha kwa simu kwa karibu kadiri kamera inavyoshika, kisha uikuze. Punje nzuri ina umbo la ulezi: duara, haina kona. Punje mbaya ni kama chumvi ya mawe iliyotwangwa: ina kona na nyuso bapa zinazomeremeta. Halafu sugua mchanga huo katikati ya kidole gumba na cha shahada kwa nusu dakika. Vidole vikichonyota, urudishe. Muuzaji akikukatalia kufungua mfuko, mwombe akuoneshe sampuli. Akikosa hiyo pia, nenda duka jingine.

Kipimo cha pili ni siki. Weka kijiko cha mchanga mkavu kwenye kikombe, mimina siki, sogeza sikio. Ukisikia mchemko au ukiona mapovu yakipanda kutoka kwenye punje, mna chokaa humo. Kwa Kigoma hili ni kubwa kuliko kwingine, kwa kuwa maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yana pH (kipimo cha tindikali, ambacho chokaa hukipandisha) inayokaribia 9, na koridora ni samaki wa mito ya Amerika Kusini anayestawi kwenye pH ya 6 hadi 7.5. Tayari unahangaika kuchanganya maji ya mvua ili kushusha pH. Usinunue mchanga utakaoipandisha tena.

Mchanga wa kwanza kwangu, bila kigugumizi, ni JBL Sansibar kutoka Ujerumani. Jina ni Zanzibar kwa tahajia ya Kijerumani, lakini si mchanga wa pwani ya Unguja uliojaa matumbawe: huu haupandishi chokaa, punje zake ni ndogo, na hazina makali. Chukua River au Dark. Kwenye mchanga mweupe koridora hufifia rangi na kuonekana kama mgonjwa.

Unauzwa kwa mifuko ya kilo 5 na 10, na hapa watu hukosea hesabu. Zidisha urefu kwa upana kwa kina unachotaka, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 1,000 upate lita, kisha zidisha kwa 1.6 upate kilo. Tangi la sentimita 60 kwa 30 lenye kina cha sentimita 3 linataka kama kilo 8.6, kwa hiyo nunua mfuko wa kilo 10. Wa kilo 5 hautafikisha hata sentimita 2. Usipitishe sentimita 5, kwani chini kabisa hewa haifiki na utaanza kusikia harufu ya yai viza.

Wa pili ni mchanga wa machujio ya mabwawa ya kuogelea, punje za milimita 0.4 hadi 0.8. Huo huagizwa Dar es Salaam kwa gunia. Mwingine ni wa asili, mwingine umesagwa, na magunia yanafanana, kwa hiyo kipimo cha ulezi usikiruke.

Wa tatu ni mchanga wa mto, kama ule wa Luiche. Uchekeche kwa wavu wa mbu wa dirishani, uoshe kwenye ndoo mpaka maji yabaki maangavu, umwagie maji yaliyochemka, kisha upime kwa siki. Una kazi, ila unafaa.

Mchanga wa ufukweni mwa ziwa waachie sikilidi wa Tanganyika, samaki wa mapambo wa ziwa hili, ambao chokaa ya makombe ya konokono haiwasumbui. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo usiende na koleo. Kokoto za rangi, hapana.

Linalouma zaidi ni namna tunavyouziwa. Kokoto za rangi zinaitwa "mchanga wa samaki" na zinauzwa pamoja na koridora katika mauzo yale yale. Mchanga unapimwa kwa kopo ukiwa umelowa, unalipia maji. Mzigo ukitoka Dar, nauli inaongezwa kwa kila mteja kana kwamba gunia lilisafiri peke yake. Na koridora anauzwa mmoja mmoja kama "msafishaji wa tangi", wakati anatakiwa kuishi na wenzake sita au zaidi na kulishwa chakula chake cha kuzama.

Kama ndevu zimeshaliwa, zinaota tena iwapo shina lipo. Mhamishe kwa bakuli, si kwa wavu, maana miiba ya mapezi yake hunasa kwenye nyuzi. Badilisha robo ya maji mara mbili kwa wiki hadi wekundu uishe.

Mchanga mpya uoshe kidogo kidogo, lita 2 kwa ndoo, ukiukoroga kwa mkono. Utandaze, laza sahani juu yake, na mimina maji polepole juu ya sahani. Pampu ya chujio usiiwashe mpaka ukungu utulie, kwa kuwa punje zikiingia kwenye rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya pampu, zinaila. Baada ya hapo, kila unapobadilisha maji, koroga mchanga kwa vidole kona moja hadi nyingine.