Kitunguu pori cha milima ya Karatau: uzoefu wangu wa kukipanda kwenye chungu

Mi niko Leeds, Uingereza, bustani yangu ni kauwanja ka nyuma tu kenye vyungu, na maua nimepanda mengi ila hiki kitunguu pori kimeniteka kuliko yote. Jina la kitaalamu ni Allium karataviense, asili yake milima ya Karatau kule Kazakhstan na milima mingine ya Asia ya Kati, kinaota kwenye miteremko ya mawe ya chokaa, baridi ni ya theluji halafu kiangazi kikavu kabisa. Shika hiyo, matunzo yote yanatoka hapo.

Niliagiza mtandaoni mwezi wa tisa, mzigo ulichelewa na kimoja kilifika kimelainika lakini hela yake walirudisha bila usumbufu, vingine vilikuwa vigumu, vizito, safi. Nikavipanda mwezi wa kumi, kina cha sentimita 15 hivi, udongo nusu kokoto nusu, na chungu nimekiinua juu ya matofali, kwa sababu adui yake mkubwa si baridi jamani, ni maji kutuama, na mvua za huku zinakiozesha huko huko chini hata hujajua.

Sasa majani! Watu wanafuata ua, mi nasema hela yako inalipwa na majani. Yanatoka mawili, mara nyingine matatu, mapana, kijani cha kijivu chenye zambarau kwa mbali, na ukingoni kuna mstari mwembamba mwekundu utadhani mtu kaupitisha kwa kalamu ya wino. Ua linakuja mwezi wa tano, la duara, pinki iliyopauka, mmea wote hauzidi futi moja, na nyuki wanalivamia balaa.

Ua likiisha majani yanageuka njano, hapo acha kumwagilia, wengi wanadhani kina kiu kumbe ndo kinaenda kulala, wanamwaga maji mpaka kinaoza. Mwenye mbwa au paka aweke mbali nao, jamii yote ya vitunguu ni sumu kwao.

Ndugu zangu wa Dar wananiomba niwaletee, nawaambia ukweli, bila miezi ya baridi kali hakitoi ua, msipoteze hela. Wa Ulaya nunueni, ila chukueni vitunguu vyenyewe sio mbegu, mbegu utasubiri miaka kadhaa ndo uone ua. Na kuna aina nyeupe inaitwa Ivory Queen, hiyo ndo naagiza msimu ujao.